Majani ya Dawa Kwenye Pipa la Mbege

Jumatatu nililetewa habari kutoka Machame kwamba mama mmoja aliyekuwa akipika mbege, pombe yetu ya ndizi, amefariki. Ninyi hamkumjua. Yeye aliisoma safu hii, na ndiyo maana naandika mkono ukiwa mzito. Miaka michache nyuma nilieleza hapa kwamba wataalamu wa ng'ambo wamechukua vimeng'enya vya mmea wa dawa ya malaria, yaani vile vitu vinavyoufanya mmea utengeneze dawa, wakaiwezesha hamira kuwa navyo, nayo ikaanza kutoa kiungo cha dawa hiyo. Mimi niliishia darasa la saba. Nilielewa nusu, nikaandika kama mtu aliyeelewa yote.

Mama yule alikuwa na mmea huo pembeni ya migomba, na kila wiki ndizi zake zilichachuka kwa hamira pipani. Mumewe aliposhikwa na homa, alitumbukiza majani humo, akangoja. Siku ya tatu nilipita kununua ndizi, nikamkuta mzee mkekani, macho ya njano, haongei. Nikamwamkia mama, nikauliza kama mgonjwa amepelekwa hospitali.

"Bado, mwanangu. Dawa haijaiva."

Akanionyesha gazeti. Nilipoiona safu yangu, nilikimbia kutafuta gari. Tulimpakia mzee kwenye pikapu ya maziwa, madebe yakigongana njia nzima, huku nikimweleza mama kwamba hamira ile ilibadilishwa maabara, si hii ya kwetu. Hakunigombeza.

"Uliandika hamira," alisema. "Hukuandika kwamba ya kwangu haiwezi."

Hospitalini daktari alimpokea mzee, akafunga mlango. Tulikaa kwenye benchi mpaka jioni. Mzee alipona, ila sikio moja halikusikia tena. Kama ni kwa sababu ya zile siku tatu sijui. Daktari hakusema, nami sikuthubutu kuuliza.

Majirani walimcheka mama. Waliomcheka hawakumtendea haki, maana aliyeishi na hamira maisha yake yote angesoma vile afikiri nini? Wataalamu nao siwalaumu, kazi yao ni njema. Kilichopungua ni mstari mmoja, na ulikuwa wangu. Baadaye, kila nilipopita kwake, alinifungia ndizi na kuniuliza wiki hii nimesifu nini, na hicho kitu hakiwezi nini. Tangu hapo, nikiandika jambo jipya, naongeza mstari wa kile lisichoweza. Mhariri huukata. Mimi huurudisha.