Folda ya Kwanza

Fundi wa tovuti wa mtaa wa Kimanga, kila akiandika njia ya faili, huifuata kwa kidole kwenye kioo cha kompyuta, kama anayemwonyesha mgeni nyumba ya jamaa. Fadhila, msaidizi wake, amekwisha kuizoea kazi hiyo: ukurasa ukiita kipande chake cha juu au cha chini, programu hukitafuta folda kwa folda, kwa mpangilio alioupanga fundi. Folda ya kwanza ni ya Mapendo, mke wa fundi, aliyechora kurasa zao mpaka mafuriko ya mto Mulongwe yalipomchukua. Kurasa zake zimeshabadilishwa zote. Folda imebaki tupu.

“Papa, ile ya kwanza haiko na kitu,” Fadhila alimwambia fundi leo. “Tuitoe?”

Kidole kilisimama kwenye kioo.

“Iache programu ianzie kwake,” alisema. “Ikikosa, itaendelea.”