Kabari ya Gurudumu la Kulia

Asubuhi ya siku ya gari la Mama Neelayi, Sadaiyan aliunyooshea mkono uji wake wa ulezi akakamata hewa. Bakuli lilikuwa shubiri moja mbele. Alipojaribu tena akalipiga kumbo, uji na vitunguu vikamwagika sakafuni.

Mkewe, Pechi, akamkazia macho. "Jicho limefika huko?"

"Mkono umeteleza tu."

"Usinifanye mtoto, baba watoto. Mwambie mdogo wako akusaidie leo. Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Irulandi? Yule aliyemuua baba? Bora niweke kabari kwa meno!"

Ukaidi gani huo! Mtu mzima wa miaka sitini na moja, ana mtoto wa jicho, na yu radhi kupondwa kuliko kumpa ndugu yake neno moja. Lakini akisema haoni, ananyang'anywa kabari siku hiyo hiyo, na kipande hicho cha mbao cha kutega gurudumu ndicho heshima yake yote pale mjini Vennankudi. Ukoo wao ndio unaoliongoza gari la mungu wao, Mama Neelayi, tangu enzi za mababu. Gari lenyewe ni la mbao, limeipita nyumba ya ghorofa tatu kwa urefu, linavutwa kwa kamba na watu elfu mbili, na halina usukani wala breki. Likiteremka, kabari ya kushoto hulipunguza mwendo. Likifika kona, kabari ya kulia hulipindisha. Mwenye kabari huinama hatua moja mbele ya gurudumu, akaiachia, akaruka.

Wala hakuna kurekebisha. Wanasema Mama Neelayi aligeuka mara moja tu, kuwatazama mapepo aliowaua, na mvua ikakata miaka saba. Tangu hapo gari lake halirudi nyuma hata kidogo. Ukikosea, umekosea.

Miaka kumi na moja nyuma, kwenye mteremko wa mtaa wa kaskazini, gari lilimpitia baba yao. Mzee alikuwa kwenye gurudumu la kulia, Irulandi la kushoto. Kabari ya mzee ilikutwa barabarani, shubiri moja nje ya njia ya gurudumu, watu wakasema imerushwa na gurudumu. Sadaiyan, aliyekuwa kwenye kamba, alimnyooshea kidole mdogo wake mbele ya maiti, mbele ya mji mzima: kabari yako ilichelewa, umemuua baba. Irulandi hakujibu. Kabari ya kulia akairithi Sadaiyan, na tangu siku hiyo wanafanya kazi hatua sita mbali, mmoja huku, mmoja kule, bila salamu.

Saa saba mchana gari likafika mteremko ule ule. Jua lilichoma, ngoma zilitia uziwi, na kwenye baraza la nyumba ya kona wanawake walikuwa wamesongamana na nazi zao za kuvunja kama sadaka. Pechi alikuwa miongoni mwao. Gari lisipopinda, lingeingia barazani.

Filimbi ya ishara ikalia. Sadaiyan akainama, akaachia kabari. Gurudumu likapita bila kuigusa.

Akaiona imelala kando. Shubiri moja nje.

Gari lilianza kushika kasi, kamba zikalegea, wavutaji wakatawanyika wakipiga mayowe. Alibaki na kabari moja ya akiba mkononi, na mbele yake gurudumu lilikuwa kivuli tu, hajui liko karibu au mbali.

"Irulandi!" alipiga ukelele. "Sioni! Mdogo wangu, sioni!"

Irulandi akaisukumiza kabari yake kushoto, akapita mbio chini ya boriti za gari, katikati ya magurudumu, akamshika kaka yake kifundo cha mkono akamvutia chini. "Hapa! Achia, kaka! Achia!"

Sadaiyan akaachia. Mbao zikalia. Gari likatetemeka, likapinda polepole, likasimama hatua mbili kutoka barazani.

Ndugu wawili walikuwa wameanguka vumbini. Sadaiyan akamgeukia mdogo wake.

"Ulijua?"

"Tangu mwaka juzi. Unapapasa kabari kama kuku kwenye takataka, nisijue?"

"Na baba?" Sadaiyan akauliza. "Baba naye alikuwa akimwaga uji. Tulimcheka, tukasema uzee."

Irulandi akajifuta uso. "Aliniapisha nisiseme. Aliogopa watamnyang'anya kabari."

"Nikakuita muuaji, ukanyamaza!"

"Ningesema nini, kaka? Maiti ilikuwa hapo, na kiapo ninacho."

Sadaiyan akainuka. Akageukia mji ule ule uliomsikia siku ile, akapaza sauti mpaka wapiga ngoma wakaacha.

"Sikieni! Huyu hakumuua baba! Baba alikuwa haoni, akaficha. Na mimi sioni, nikaficha. Nilimsingizia mdogo wangu!"

Barazani, Pechi alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya sari.

Kona iliyobaki iko tambarare, inataka kabari ya kulia peke yake. Sadaiyan akaiokota kabari yake iliyolala kando, akampa Irulandi, akaenda kushika kamba pamoja na watu wengine. Filimbi ilipolia, akavuta, macho yake mabovu chini. Gari lilikuwa nyuma yake, na mgongo wake aliuacha mikononi mwa mdogo wake.