Sauti ya Kupeleka Kaliua

Hakukuwa na kirusi. Miaka yote hii nimemwambia dada yangu kwamba kirusi cha kompyuta ndicho kilichokula sauti ya mama, na nimelisema hilo kwa macho makavu, mimi niliyekuwa nikichosha watu kwenye harusi kwa kuwaeleza kwamba kompyuta yangu inatumia mfumo wa Linux, na kwamba Linux haisumbuliwi na virusi. Bahati yangu, dada hakuwahi kukaa meza moja nami kwenye harusi hizo.

Dada, mkubwa wangu, aliolewa Kaliua na mfanyabiashara Mwislamu, akasilimu. Mama, Mmoraviani wa benchi la mbele kanisani, hakumfukuza. Alinyamaza tu, na ukimya ule ukadumu mpaka ukawa na wajukuu. Wakati huo mimi nilikuwa nafundisha mjini Tabora, nimepanga Gongoni, na kila Jumapili nakwenda Itetemia kumwona mama, aliyekuwa ameanza kuugua.

Jumapili moja nilikwenda na kompyuta yangu ya kiganjani. Ni ile yenye kalamu ya plastiki, ya kutunzia anwani na miadi kabla simu hazijajifunza kazi hiyo. Niliinunua Dar es Salaam ikiwa imekwisha kutumika, nikawa natembea nayo kama waziri. Ilikuwa na kitufe cha kurekodi. Mama alinikuta uani namrekodi jogoo wake.

"Na mtu inamshika?"

"Inamshika, mama."

"Haikati katikati ya neno kama simu?"

"Haikati."

"Basi niwashie. Nina maneno ya dada yako. Wewe toka nje."

Nilitoka, nikakaa na kuku. Aliponiita alikuwa amekishika kile kidude kwa mikono miwili. "Mpelekee," alisema. "Asikie yeye."

Kwetu maneno ya namna hiyo ni mzigo. Watu wa huku walibeba mizigo ya wenzao hadi pwani na kurudi, na bado tunajivuna kwamba mpagazi hafungui asichokifunga. Sikusikiliza. Ndilo jambo pekee ninaloweza kujisifia, na subirini muone lilivyonisaidia.

Mtu mwenye akili za kawaida angepanda treni ya Kaliua na kidude mkobani. Mimi nilikuwa na shahada. Nilitaka kwanza niihamishie sauti kwenye kompyuta, niichome kwenye CD, dada awe nayo maisha yake yote. Nikachomeka waya wa USB. Kimya. Nikabadilisha tundu. Kimya. Nikaandika amri, nikajibiwa kwamba hakuna kifaa cha namna hiyo. Nikajipa madaraka yote ya mwenye mashine, nikajibiwa vilevile. Treni ikapita. Nikaenda kwenye duka la intaneti kusoma malalamiko ya watu wa nchi za mbali waliokwama palepale nilipokwama, wakigombana kwa maneno ya heshima. Treni nyingine ikapita.

Kosa lilikuwa la adabu. Kompyuta haikuweza kukiona kile kidude mpaka chenyewe kibonyezwe kitufe chake; hapo hujitambulisha kwa muda mfupi, kisha hujifungia tena. Mimi nilikuwa naamsha programu kwanza, ndipo nabonyeza. Yaani nadai marahaba kabla ya shikamoo. Nilipogeuza utaratibu, na kuielekeza programu kwenye mlango wa pili wa mawasiliano badala ya ule wa kwanza, mambo yakatiririka: majina, anwani, miadi yangu na daktari wa meno. Nilijipigia makofi. Nikarudia, kwa raha tu, nikarudia tena, kisha nikakiacha kimewaka mezani nikaenda kununua soda ya kujipongeza. Dukani nilimkuta mwalimu mwenzangu, nikamweleza ushindi wangu kwa kirefu mno.

Sauti haikuwa imepita. Programu ile ilichukua majina na miadi tu, nami sikuangalia. Waya wangu haukuwa unachaji, na kumbukumbu ya vidude vile iliishi kwa betri: betri ikifa, vyote vinakufa. Niliporudi nilikikuta kimezima. Nilipokichaji kiliwaka kwa furaha, kikanikaribisha kama mtu ambaye hakijawahi kumwona, kikaniomba nikiguse hapa na hapa ili tuzoeane.

Mama alikuwa hai bado. Hapo ndipo panaponiuma. Ningeweza kumwambia yamepotea, mama, sema tena. Jumapili iliyofuata alinitangulia.

"Umempelekea dada yako?"

"Nimempelekea."

"Kasemaje?"

"Kalia, mama."

Aliitikia kwa kichwa, akaomba uji. Alifariki kabla ya mavuno. Msibani dada alinivuta nyuma ya jiko na kuniuliza, "Na ile sauti?" Nikadhani majirani ndio waliomdokeza. Nikamwambia kirusi kimeila.

Juzi dada alinitumia ujumbe wa sauti kwenye simu, akitaka mbegu za karanga. Kabla ya kusema alikohoa kidogo, kikohozi cha mama kabisa. Niliweka simu chini. Baadaye nikaiokota, nikampigia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Leo jua litazama mashariki, unanipigia wewe!"

Nikamwambia yote, waya, soda na betri. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Babu zako walifikisha pembe za ndovu pwani kwa miguu," alisema, "wewe sauti imekushinda kufikisha Kaliua, na treni ipo?"

Tukacheka wote wawili. Nikadhani yamekwisha.

"Mama alinipigia, unajua," akasema. "Kwa simu ya jirani. Akaniuliza, 'Mwanangu, maneno yangu ya kwenye kidude yamekufikia?' Nikajua amekutuma wewe, na umechelewa, kawaida yako. Sikutaka akugombeze. Nikamjibu yamefika, mama, nimeyapokea. Akasema, 'Basi nimepumzika.' Simu ikakatika."

Nilitoka nje na simu sikioni.

"Nikakusubiri. Msibani ukaniletea kirusi, nikaona bado hujawa tayari. Haya, sasa uko tayari. Alisema nini?"

"Sijui, dada. Sikusikiliza."

"Hata mwanzo wake?"

"Hayakuwa yangu."

Niliangalia kama simu imekatika.

"Mimi siku zote najiambia alinisamehe," alisema. "Basi acha niendelee hivyo hivyo. Karanga usisahau."

Akakata simu.