Ndama Niliyemsifu Kinna

Nilikuwa na miaka minane bibi yangu, tuliyemwita Akko, aliponichukua wakati wa likizo kuzuru jamaa zetu katika vijiji vya zamani vya Isiolo. Tulianza Kinna. Siku hizi watu huvisifia vijiji hivyo kwa utulivu na historia yake. Mimi nilichokikuta ni ujinga wenye historia ndefu.

Asubuhi ya kwanza, katika boma la Mama Halima, binamu ya Akko, nilimwona ndama mwekundu amelala kando ya ua. Nikasema, "Ndama mzuri sana huyu!" Sikuongeza mashallah ya kukinga jicho baya. Hiyo ndiyo hatia yangu yote.

Kufikia saa sita ndama alishindwa kusimama. Alikuwa akiharisha tangu kabla hatujafika. Mkia wake ulikuwa umegandwa na kinyesi, na kila mwenye pua alijua. Lakini katika boma lile pua hazikuulizwa kitu.

"Ni jicho la huyu," Mama Halima alimwambia Akko, akininyooshea kidole. "Mtoto wa mjini, mdomo wazi kama mlango wa duka!"

"Ni mtoto tu, Mama Halima."

"Na ndama wangu je? Si mtoto?"

Nilioshwa uso na mikono kwenye beseni, na maji yale machafu akanyunyiziwa ndama. Wanaume wazima, wanaoweza kumtambua ngamia wao kwa nyayo, walisimama kungoja maji ya uso wangu yatibu kuhara. Alasiri ndama akafa. Hakuna aliyeuliza kama dawa ilikuwa mbovu. Nililaumiwa mimi, kwa mara ya pili.

Tulipofika Garba Tulla uvumi ulikuwa umetutangulia. Kwenye visima vya zamani wanawake waliwafunika watoto kwa mitandio niliposogea. Msichana mmoja akapaza sauti, "Ficheni mbuzi, mwenye macho amekuja!" Wakaangua kicheko. Akko hakucheka. Aliniinamia akasema, "Kuanzia leo, ukipenda kitu, nyamaza."

Nilisoma hadi chuo kikuu, nikajifunza kinachoua ndama. Imani ile naidharau hadi leo.

Miaka mitatu iliyopita mke wangu alitaka kuviona vijiji hivyo, nikampeleka. Huko Garba Tulla alitoka chumbani katika nyumba ya wageni amevaa gauni jipya la kijani.

"Haya, mzee, nimependeza?"

Alikuwa amependeza mno, hata nikageuka kufunga mlango uliokuwa umefungwa tayari. "Twende," nikasema, "jua litatuchoma."

"Siku moja utasema tu," akajibu akicheka, akatangulia.

Alifariki mwaka jana. Watu wa Kinna niliowadharau walikuwa wakiamini walichokifanya. Mimi sikuamini hata chembe, ila nilitii neno la Akko. Kwa miaka ishirini na sita ya ndoa sikumwambia mke wangu kwamba ni mzuri, na bado alikufa.