Kutoka Keko Hadi Bunju: Jukwaa Lenye Alama ya Buluu

Sikuomba kwenda. Mke wangu ndiye aliyekuwa ampeleke mjukuu wetu Salima kucheza baleti kule Bunju, lakini Ijumaa miguu ikamvimba, ikabidi niende mie. Kwa nyie wenzangu mliobaki karakana, baleti ni ile ngoma ya Kizungu ya kusimama kwa ncha za vidole kama mtu anayechungulia dirisha la jirani. Miaka minne mtoto huyu kila jioni anashika benchi langu la randa, anainua mguu, anashusha mguu. Nilikuwaga namwambia, "Ukimaliza kuupunga huo mguu, fagia maranda." Mie niliishia darasa la tatu, nikatoka Newala na msumeno mmoja, na leo nina nyumba. Sijaona aliyejenga nyumba kwa kurukaruka.

Sasa kuna kundi la wachezaji wa kulipwa limekuja kutoka nje, na wanafunzi sita wa huku walichaguliwa kucheza nao kipande kimoja. Salima, miaka kumi na minne, ni mmoja wao. Wiki nzima chakula hakipiti.

Saa kumi na mbili asubuhi tuliondoka Keko na kirikuu changu, kile kigari cha kupelekea makochi. Nyuma kulikuwa na papi, vile vipande vyembamba vya mbao, mipira ya tairi ya kufungia viti, na sanduku langu la vifaa. Sikushusha kitu. Nishushe mzigo kwa ajili ya ngoma?

"Babu, ukifika kule usiongee kwa sauti," Salima akaniambia.

"Kwani kuna mgonjwa?"

"Na usiwaambie watu wamekonda."

"Hata kama wamekonda?"

"Babu!"

Mwenge, kwenye foleni, nikamwona anasugua magoti. Akasema yanamuuma, maana pale karakana anarukia saruji. Nikamjibu, "Basi usiruke." Akageukia dirishani mpaka Tegeta.

Saa mbili na nusu tukafika Bunju, kwenye ukumbi wa shule. Mwalimu wake, Mwalimu Rehema, akanipa shikamoo vizuri. Kiongozi wa kundi, mama mmoja wa Kizungu mrefu kama nguzo, hakunipa hata jambo. Wanaume wazima wenye ndevu walikuwa wamevaa suruali za kubana, nikaona haya kwa niaba yao. Mpiga ngoma hamna, muziki unatoka kwenye spika. Nikatafuta kiti nikakaa, nikasubiri upuuzi uishe.

Saa nne wakafanya mazoezi. Mwanamume mmoja akaruka juu, akatua kwa kishindo kama gunia la mahindi limedondoka kutoka kwenye lori. Akachechemea. Wa pili kiatu kikanasa kwenye mwanya kati ya mbao. Yule mama akasimamisha muziki, akasema maneno, na Mwalimu Rehema akatutafsiria uso umemshuka: jukwaa ni gumu na limeachana, sehemu ya nyuma ndiyo mbaya zaidi. Wachezaji wake watabanana pale mbele. Kipande cha wanafunzi kinaondolewa.

Salima hakulia. Alikaa chini akaanza kufungua kamba za viatu, polepole, kama mtu anayemvua marehemu viatu. Hapo nikapanda jukwaani.

"Fundi gani kafunga takataka hii?" nikauliza, na sauti yangu mnaijua. "Alikuwa amefumba macho? Nani kamlipa huyu mjinga?"

"Tumelikodi kwa wapamba harusi, mzee," Mwalimu Rehema akasema.

"Basi huyo fundi wao akamatwe!"

Nikainua kipande kimoja cha jukwaa nikakigeuza ili niwaonyeshe ujinga ulipo. Upande wa chini kulikuwa na mistari mitatu ya chaki ya mafuta, ya buluu.

Karakana za Keko kila mtu ana alama yake, mbao zisichanganyike. Mistari mitatu ya buluu ni yangu. Nikakumbuka: kuna mpamba harusi aliniagiza jukwaa kwa haraka, nikamfungia mbao mbichi. Mbao mbichi ikikauka inasinyaa, mwanya unafunguka. Nilisema moyoni, bibi harusi na bwana harusi wanakaa tu kwenye kochi, nani atajua?

Ningeweza kukirudisha chini. Pale ukumbini hakuna aliyeijua alama ile, isipokuwa mmoja, aliyekua akiiona kila siku. Salima aliutazama ubao, akanitazama mie.

"Mwalimu," nikasema, "huyo mjinga ni mimi. Mwambie huyo mama anipe mpaka saa nane."

Nikavua shati. Nikakaza vipande vyote upya, nikapiga randa kingo, nikaziba mianya kwa papi, nikazamisha kila kichwa cha msumari. Salima akapita na nyundo nyuma yangu. Kisha nikamuuliza, kwa mara ya kwanza katika miaka minne, "Ukitua, unataka ubao ufanyeje?"

"Ushuke kidogo, babu. Halafu urudi. Usipigane na goti."

Tukakata mipira ya tairi, tukaiweka chini ya kila mhimili. Saa nane kasorobo yule mama akapanda, akaruka mara tatu. Kishindo hakikusikika. Akanitazama, akainamisha kichwa. Jambo bado hakunipa.

Saa kumi, watu wamejaa, Salima akacheza katikati ya wale wenye ndevu. Dakika nane. Bado sielewi ilikuwa inahusu nini, na sitaki mtu anieleze. Mie nilikuwa nasikiliza ubao. Ulinyamaza.

Njia ya kurudi, tulipofika Boko, akaniambia, "Babu, leo magoti hayaumi." Nikajifanya natazama barabara.

Jumatatu nilimfungia sakafu yake pembeni ya benchi, mbao kavu, mipira chini. Na sasa mteja akija kuagiza jukwaa, namuuliza kwanza: juu yake watu watakaa au wataruka? Mnacheka kwamba mzee kachanganyikiwa. Chekeni. Mbao mbichi haitoki tena karakana ile ikiwa na mistari yangu.