Tumbili Aliyechagua Kahawa Mbivu

Jumanne, tarehe 10 Juni. Manyunyu tangu alfajiri, ziwa halionekani. Kahawa ya jirani imelowa kwenye mkeka, na ile harufu yake ya utamu uliochacha imenirudisha utotoni, kijijini kwetu Ijuganyondo. Sijui kama nitaeleza vizuri; mimi niliishia darasa la saba.

Msimu mmoja kahawa mbivu zilikuwa zikitoweka mtini, mbichi zinabaki, na punje zimetemwa chini. Watoto wote tulizoea kufyonza maganda yale matamu, nisiseme uongo. Lakini Tata, baba yetu, alimshika dada yangu Koku.

"Si mimi, Tata! Ni tumbili!"

"Tumbili anararua hovyo. Huyu kachagua. Iliyoiva inajulikana kwa vidole vya mtu."

Yeye mwenyewe alibonyeza kila tunda kabla ya kuchuma. Tulidhani ni umakini. Koku alichapwa, akapelekwa kwa shangazi Muleba, na shule yake ikaishia hapo.

Wiki iliyofuata nilimwona tumbili. Hakubonyeza wala kunusa. Alitazama tu, mkono ukaruka mbichi tatu, ukaenda moja kwa moja kwenye nyekundu. Mawe, mama yangu! Nilikimbia kumwita Tata, nikamwonyesha nyekundu zilizobaki.

"Nyekundu zipi? Acha kumtetea mwizi."

Nilidhani ananikejeli.

Sasa leo asubuhi nimempeleka mwanangu kupimwa macho, anataka leseni ya gari. Kumbe hatofautishi nyekundu na kijani! Daktari akaniuliza, "Mama, baba yako mzazi alikuwaje? Hii mara nyingi babu humrithisha mjukuu kupitia binti."

Nikamkumbuka Tata akibonyeza kila tunda. Nikauliza, na tumbili je? Daktari akacheka. "Tumbili anaziona rangi hizo kama mimi na wewe."

Niliporudi nilimpigia Koku. Nikamweleza kwamba Tata hakumsingizia kwa makusudi. Alichokuwa haoni yeye, hakuamini kama mnyama angekiona. Lakini fimbo ni yeye aliyeishika, hilo nalo nikalisema.

"Basi angesema haoni," akasema Koku. "Mimi ningemchagulia."

Mpaka sasa sijui kama nimetenda haki kumwambia, au nimemtonesha tu. Jioni tumekula ebitoke, ndizi zetu za kupika, kwa maharage, na hakuna aliyeomba kuongezewa.