Sentineli wa Maini

Uchungu wa kongobololo ulikuwa umemganda Mulanga vidoleni, hata bukari, ugali wa kwetu, aliousonga kwa mikono ile ulikuwa mchungu. Kila asubuhi, kabla ya kwenda sokoni, alichuma majani hayo kwenye kichaka nyuma ya nyumba, akayachemsha, akayachuja, akampa mumewe kikombe. Bolingo, mumewe, alikuwa askari wa kambi ya Kamina, na macho yake yalikuwa yameanza kuwa ya manjano.

Mimi nilikuwa jirani yao. Nilikuwapo muuguzi wa kambi alipomwambia Mulanga: "Mama, ile majani inaweza kusaidia maini kidogo. Lakini lutuku njo inamuua. Aache lutuku." Bolingo alikuwa amekaa palepale, ila masikio yake yalichukua nusu ya kwanza tu.

Tangu siku hiyo akawa anakunywa majani asubuhi na lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, jioni, bila woga. "Maini yangu iko na sentineli," aliwaambia wenzake, yaani mlinzi wa zamu. Nao wakaja na vikombe vyao, wakapanga foleni kwa Mulanga asubuhi, na jioni foleni ileile ikahamia kwa Mama Ngoie, muuza lutuku. Niliwachukia wote, na sioni haya kusema.

"Minyi na Mama Ngoie tuko na kazi moja," Mulanga aliniambia, ameegemea ukuta. "Yeye anabomoa, minyi minajenga, kusudi abomoe tena. Minachoka, ndugu yangu. Ule bwana atakufa mu mikono yangu."

Jumamosi ya salongo, kambi nzima ilipoamriwa kung'oa magugu katika kila lupango, yaani uwanja wa kila nyumba, Mulanga alichukua jembe akang'oa kichaka kizima cha kongobololo mpaka mizizi, akakichoma. Bolingo aliporudi na kuuliza, alimjibu bila kuinua uso: "Banasema tung'oe majani yote ku lupango. Minang'oa."

Nilingoja kelele. Hazikuja. Jioni Bolingo alifika mlangoni, akasimama, akarudi kuketi. Aliogopa kunywa bila mlinzi wake. Kesho yake vilevile. Alinuna, aligombana na kuku, lakini hakwenda. Baada ya muda akawa anaomba kuongezewa bukari. Mulanga alianza kulala mchana, usingizi mzito wa mtu aliyetua mzigo. Nilifurahi kuliko ilivyonihusu.

Kwa Mama Ngoie madumu yalibaki yamejaa. Wale wengine nao walikuwa wameingiwa na hofu ileile. Mama Ngoie akafika siku moja asubuhi, fungu kubwa la majani mabichi kichwani, anatabasamu kwa upole kabisa.

"Mama Mulanga, minasikia papa Bolingo anakosa dawa yake. Minamuletea. Ni ya bure."

Akaliweka fungu mlangoni, akaaga vizuri, akaenda zake. Mulanga aliyatazama yale majani kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia mumewe.

"Minyi sitachemusha tena," alisema. "Mikono yangu imechoka."

Bolingo aliinama, akalibeba fungu kwa mikono miwili, akaingia nalo jikoni. Tulimsikia akitafuta kibiriti. Miaka yote ya ndoa yao hakuwahi hata kupasha maji ya kuoga. Asubuhi ile aliwasha moto mwenyewe, akabandika majani yachemke.